Vilishio vinne na chiriku wa mama

Mama alifika Des Moines, Marekani, mwishoni mwa Oktoba, miaka mitatu iliyopita, kuja kumlea mke wangu uzazi. Alitoka Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, ambako siku yake huanza kwa kufungulia kuku na kuitikia salamu za watu kumi kabla ya chai. Huku Iowa akakuta nyumba ya madirisha yasiyofunguliwa, mwana anayelala mchana kwa sababu usiku yuko kazini kwenye nyumba ya wazee, na barabara ambayo mpita njia kwa miguu ni mmoja tu, tena anavutwa na mbwa. Wiki ya pili, akikunja nepi, aliniambia bila kulalamika: "Mwanangu, nyumba hii kimya kama iliyoanua tanga jana."

Neno hilo lilinikaa. Siku chache baadaye nikamkuta amesimama dirishani na mjukuu begani, anatazama ng'ambo ya uzio. Jirani yetu, bibi mmoja mstaafu, ana nguzo ya kulishia ndege, na juu yake walikuwa wamejazana vindege vidogo vya rangi ya zeituni, wanagombana kwa kelele.

"Wale chiriku," mama akasema.

"Mama, chiriku Marekani?"

"Nakwambia chiriku. Sikiliza wanavyosema."

Nilicheka, ila aliyekuwa amekosea ni mimi. Ndege yule anaitwa American goldfinch, ni ndege rasmi wa jimbo la Iowa tangu 1933, na yuko ukoo mmoja na wale chiriku wa manjano wa kwetu. Mama hakuhitaji kitabu. Alijua mdomo mfupi mnene, mkia wenye panda, na domo lisilofunga. Nikaahidi kumletea wake, mbele ya dirisha lake.

Ahadi ile ilinigharimu vilishio vitatu, yaani vyombo vya kulishia ndege, vyote vya kutupa, mfuko mzima wa mbegu ambao hata panya walichoka nao, na jambo moja la aibu ambalo nitalisimulia kama lilivyokuwa. Kama nawe una mzazi anayekaa peke yake na dirisha huku ughaibuni, pengine yatakufaa.

Kilishio cha kwanza nilikinunua kwa macho. Nilitoka kazini asubuhi, nikapita duka kubwa la vifaa vya nyumba, nikaona kijumba cha mbao chenye paa jekundu na vioo viwili ubavuni. Dola 25. Kilinikumbusha banda la njiwa la babu, nami sikujiuliza swali lolote zaidi ya hapo. Kando yake kulikuwa na mifuko ya mbegu mchanganyiko, kilo tisa kwa dola 18, juu ina picha ya ndege wa kila rangi. Nikabeba na huo.

Nikakitundika kwenye tawi la mti, mita tatu au nne hivi kutoka dirishani, ili mama aone vizuri. Kesho yake waliwasili. Shomoro thelathini! Wakafuatia ndege weusi wakubwa wanaomeremeta kama oili ya gari, halafu kindi mmoja mnene aliyelala kifudifudi juu ya paa jekundu na kula kwa mikono miwili kama mwenye nyumba. Mama akaangalia, akaniambia, "Hawa shomoro si wale wale wa kwetu? Umenunua chakula kuwaita watu ninaowajua." Ni kweli ni wale wale, waliletwa kutoka Uingereza na kuachiwa Brooklyn mwanzoni mwa miaka ya 1850, sasa wamejaa bara zima.

Chiriku hata mmoja.

Nilipofungua ule mfuko kwa makini ndipo nikaelewa. Nusu yake na zaidi ilikuwa mtama mwekundu, ngano na mahindi ya kuparaza. Chiriku hana haja na vitu hivyo. Ni ndege wa gramu 11 hadi 20, na mdomo wake umeumbwa kuchokoa mbegu ndogo zenye mafuta: mbigili, alizeti na majani ya mwituni. Mtama wangu mwekundu ulichokonolewa na kumwagwa chini, ukalowa, ukaota ukungu, na usiku panya wakafanya sherehe. Kwa hiyo anza na mbegu, halafu tafuta chombo kinachoendana nayo. Mimi nilianza na paa.

Jirani ndiye aliyenionea huruma. Alikuja hadi kwenye uzio akiwa na kikopo cha mbegu nyeusi, nyembamba kama sindano zilizokatwa, akaniambia chiriku wake wanakula hizo na alizeti iliyomenywa, basi. Mbegu hizo zinauzwa kwa jina la nyjer, na mifuko mingine bado imeandikwa kuwa ni mbigili. Si mbigili kamwe. Nilizipeleka kazini kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu kuna jambo lilinitekenya kichwani, nikamwonyesha mwenzangu wa zamu ambaye ni Muethiopia. Akatia punje mbili mdomoni hapo hapo. "Hii ni nug," akasema. "Kwetu tunakamua mafuta ya kupikia. Nyinyi mnawapa ndege?" Akacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

Ndivyo ilivyo. Zao lile asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia, na zinazouzwa Marekani huagizwa kutoka huko, India na Burma. Kabla hazijauzwa hupitishwa kwenye joto kali ili zisiote na ili magugu yaliyojichanganya nazo yafe. Ndiyo sababu bei yake si ya mchezo: mfuko wa kilo mbili na robo nilinunua kwa dola 14, karibu mara tatu ya ule mchanganyiko wangu kwa uzito. Ndege wa Iowa anakula chakula cha Gondar, Ethiopia. Mama alipenda sana habari hiyo. Aliirudia kwa simu kwa dada zake wote wanne.

Na hapa kuna mtego mwingine. Mbegu hizi zina mafuta, na mafuta huchacha na kukauka. Mfuko uliokaa dukani mwaka mzima unaweza kuwa makapi matupu, nawe ukabaki unalaumu chombo. Chukua punje kadhaa, ziweke juu ya karatasi nyeupe, zikandamize kwa ukucha au mgongo wa kijiko. Zikiacha doa la mafuta, ni nzima. Zikivunjika kuwa unga mkavu, usihangaike nazo. Tangu hapo nanunua mfuko mdogo wa kumalizika kwa wiki sita hivi, hata kama mkubwa una punguzo.

Kilishio cha pili kilikuwa soksi. Namaanisha soksi kweli: mfuko wa wavu mweupe wa kitambaa, dola 7, unaujaza nyjer na ndege wananing'inia juu yake. Nilichagua rahisi kwa sababu bado roho ilikuwa inauma kwa zile 43 za mwanzo. Siku tisa hakuja mtu. Mama akaanza kunitania kwamba nimetundika soksi ya Krismasi kwenye nyumba ya Waislamu. Siku ya kumi, saa tatu asubuhi, nimelala, akaja kuniamsha kwa kunigonga mguu. "Baba. Inuka. Taratibu." Juu ya soksi walikuwa chiriku wanne, wawili wameinamisha kichwa chini miguu juu, kama popo, wanachomoa mbegu moja moja. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa pembe ya khanga.

Kwa hiyo usivunjike moyo wasipokuja haraka. Siku kumi ni kidogo. Jirani anasema yeye wa kwanza alimngoja mwezi.

Soksi ilidumu wiki mbili na nusu. Kwanza ikanyesha mvua ya baridi, mbegu zikashikana kama ubwabwa ulioungua, na kitambaa hakikukauka kwa sababu kwa baridi ile hakuna kinachokauka. Nikaimwaga, nikaifua, nikaijaza tena. Kisha kindi akaitoboa. Kindi hapendi sana nyjer, lakini hilo hulijua baada ya kutafuna, na nilitazama dola 14 zikimwagika juu ya theluji kwa mstari mweusi, mwembamba, ulionyooka.

Cha tatu kilikuwa bomba la plastiki angavu, dola 15, lenye matundu makubwa ya duara na vijiti vya kutulia. Nikakijaza alizeti iliyomenywa, na kile kijumba cha mbao nikakiacha pale pale na alizeti vilevile, nikiamini vyombo viwili ni bora kuliko kimoja. Kwa muda nilijiona fundi. Mbali na chiriku wa zeituni wakaja wengine, wakubwa kidogo, madume yana kichwa na kifua chekundu kana kwamba yamechovya kwenye mchuzi wa nyanya. Hao wanaitwa house finch. Asili yao ni magharibi ya Marekani na Meksiko. Walikuwa wakiuzwa kwenye vitundu huko New York kwa jina la chiriku wa Hollywood, na mnamo 1940 waliachiwa Long Island, wakazaana hadi wakakutana na ndugu zao katikati ya bara. Nilipomweleza mama akawatazama kwa jicho jipya. "Kumbe nao ni wakuja," akasema, na kuanzia hapo akawapenda kuliko wale wa zeituni.

Mwezi huo wa Januari ndio ulikuwa mtamu. Mke wangu alikuwa amerudi kazini, mimi nalala hadi saa nane, na mama anashinda na mjukuu kwenye kiti kando ya dirisha. Alimwita "mume wangu", kama bibi wa kwetu wanavyofanya, nami nikiwa nusu usingizini nilikuwa nasikia habari zote anazompa: "Mume wangu, umemwona yule mkorofi? Anawafukuza wenzake na tumbo lake limejaa." Nje nyuzi 20 chini ya sifuri, ndani mtu anasutana na ndege. Ile kimya ya Novemba iliondoka.

Basi nisimulie nilivyoharibu.

Kwanza dirisha. Siku moja mama alisikia kishindo kwenye kioo. Chiriku alikuwa chini juu ya theluji, shingo imelegea. Alimchukua mkononi akidhani anazimia tu. Nilimkuta bado amemshika, dakika ishirini baadaye, na yule ndege amekwisha kuwa wa baridi. Nilikuja kujifunza kwamba umbali niliouchagua, mita tatu au nne, ni wa hatari: ndege akishtuka anapata nafasi ya kushika kasi, na kioo anakiona kama anga. Kilishio kikae chini ya mita moja kutoka dirishani, asipate mwendo wa kuumia, au kiende mbali kabisa, mita kumi na zaidi. Sisi tulikisogeza karibu, na mama akakata uzi mnene wa kufumia akauning'iniza kwa nje, nyuzi nyingi, kila moja sentimita kama kumi kutoka kwa mwenzake, kama pazia la mlango wa duka. Nilimwona anafanya ushamba. Baadaye nikakuta wataalamu wanashauri karibu kitu kile kile, kwa vipimo vile vile. Hatujagongwa tena zaidi ya mara moja, na yule alinyanyuka akaondoka zake.

La pili ndilo la aibu. Mwishoni mwa Januari theluji iliyeyuka siku tatu, halafu ikaganda tena. Maji yalikuwa yameingia ndani ya kijumba cha mbao. Paa lilifunguka kwa juu, ila chini kulikuwa na pembe nne ambazo mkono haufiki, na mimi kila asubuhi nilikuwa namimina mbegu mpya juu ya za zamani. Nilitoka usiku kuogesha wazee, kubadilisha mashuka, kunawa mikono mara hamsini. Nikarudi nyumbani nikalisha viumbe kwenye chombo ambacho sijakiosha tangu nilipokinunua. Miezi miwili na nusu. Haikunijia kabisa kwamba kilishio ni sahani.

Wiki ya kwanza ya Februari mama akaniita. Kwenye ukingo wa kijumba alikuwa mmoja wa wale wekundu, amejivimbisha manyoya kama mpira. Wenzake waliporuka yeye alibaki. Nilifungua mlango, nikasogea, hakuondoka. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba na kuziba, limezungukwa na ukoko wa utando, na la kulia lilikuwa kwenye njia hiyo hiyo. Alikuwa anasugua uso kwenye ubao, mahali pale pale ambapo wenzake wangekuja kula dakika tano baadaye.

"Ana vikope," mama akasema kutoka mlangoni. Akataka nimkamate amwoshe kwa maji ya chumvi.

Sikumkamata. Ndege wengi wa porini huku, hawa wakiwemo, wanalindwa na sheria ya shirikisho ya tangu 1918, huruhusiwi kuwafuga wala kuwatibu nyumbani bila kibali. Nikasoma usiku ule kazini wakati wa mapumziko. Ugonjwa huu wa macho umezoeleka kwa house finch tangu majira ya baridi ya 1994, ulipoonekana mara ya kwanza maeneo ya karibu na jiji la Washington, ukasambaa mashariki yote. Kijidudu chake, Mycoplasma gallisepticum, kilikuwa kinajulikana kwa kuku na bata mzinga. Ndege hafi kwa jicho lenyewe. Hufa kwa njaa, au kwa kipanga, kwa sababu haoni. Na vilishio vinavyojaza ndege wengi mahali pamoja, vichafu, vyenye matundu ambayo ndege anatumbukiza kichwa mpaka jicho linagusa ukingo, ndivyo vinavyousambaza. Yaani bomba langu na kijumba changu, vyote viwili.

Asubuhi yake nilivishusha. Ushauri ni huo: ukiona mgonjwa, shusha kila kitu, osha, na uwaache watawanyike kama wiki mbili. Mama hakuafiki. "Umewazoesha, halafu unawanyima katikati ya baridi?" Nilimweleza kwamba ndege wa porini hawategemei dirisha moja, wana mashamba na bustani nyingine. Hakunijibu. Siku mbili alikaa na kiti amekigeuza upande wa televisheni. Siku ya tatu alikirudisha, akawa anatazama mahali patupu, na mimi nililala vibaya kuliko wakati wa kelele zake.

Yule mgonjwa alirudi mara moja, akatua kwenye tawi pale kijumba kilipokuwa mwanzo. Hatukumwona tena.

Kijumba cha paa jekundu nilikitia kwenye pipa la taka. Mbao imekwisha kunywa maji na uchafu, huwezi kuisafisha ukawa na uhakika. Bomba la plastiki nililiosha, ila sehemu ya chini ilikuwa imegandishwa kwa gundi, brashi inafika, maji yanabaki. Nalo likaenda. Ongeza kwamba brashi niliyotumia ilikuwa ya kuoshea chupa za mtoto, sikuwa na nyingine. Mke wangu alipoikuta kwenye ndoo sitayaandika aliyosema. Alikuwa na haki. Majira ya baridi ya 2020 kuelekea 2021 kulikuwa na mlipuko wa bakteria wa salmonela kwa ndege wadogo wa porini, na watu waliugua pia. Vifaa vya ndege viwe na ndoo yao na brashi yao, vioshewe nje au gereji, visipite kwenye sinki la jikoni, na mikono inawe kwa sabuni baadaye. Kama kuna mtoto mchanga, hili halina mjadala.

Katikati ya wiki zile mbili nilikwenda kununua cha nne, na safari hii nilikwenda kwenye duka dogo la vitu vya ndege tu, nikavigeuza vilishio juu chini mpaka mwenye duka akauliza kama natafuta hitilafu. Nilikuwa natafuta kitako. Nilitaka chombo ambacho kitako kinachomoka chote kwa kubonyeza au kuzungusha, nikipitisha brashi natokea upande wa pili naona mwanga, kama bomba la bunduki. Chuma badala ya plastiki kwenye matundu na vijiti, kwa ajili ya meno ya kindi. Na kwa nyjer, tundu liwe mpasuko mwembamba, si duara: ncha ya mdomo tu inaingia, uso unabaki nje, na mbegu hazimwagiki.

Kipo pia kile cha ajabu ambacho kijiti kiko juu ya tundu, ndege lazima aning'inie kichwa chini ili ale. Chiriku wa zeituni anaweza, wale wekundu wanashindwa, na shomoro pia. Ukitaka goldfinch peke yao, hicho ndicho. Nilikishika, nikafikiria wakuja wa mama, nikakirudisha.

Nilichochukua ni bomba la wavu wa chuma, la nyjer, dola 34, lenye kofia pana kwa juu ya kuzuia mvua. Nikachukua kifupi kuliko nilivyotaka. Kilishio kirefu kinavutia macho, lakini ukiwa na ndege wachache mbegu za chini zinakaa wiki tatu zinachacha. Kifupi kinaisha kwa siku nne, unakijaza upya, na kila kinapoisha una sababu ya kukiosha. Sikuchukua sahani ya kukinga makombo ya kufunga chini yake. Mwenye duka alinisihi, kwamba itaweka uwanja safi. Kweli, lakini ndege hutulia humo, hula humo na hunya humo humo.

Dola 55 nyingine zilikwenda kwenye nguzo ya chuma yenye faneli kubwa ya bati iliyogeuzwa katikati, kindi akipanda anaishia ndani yake. Faneli iwe mita moja na nusu kutoka ardhini, nguzo iwe mbali na mti, ukuta au paa kwa zaidi ya mita mbili, kwa sababu yule mnyama anaruka kuliko unavyofikiri. Hapo nikakwama: nguzo ilitakiwa mbali na kila kitu, na kilishio kilitakiwa karibu na dirisha. Mwishowe tulichagua dirisha. Kindi anaruka kutoka kwenye kizingiti mara moja moja, lakini ndani yumo nyjer tu na chuma, anaondoka amekasirika. Ningejua, zile 55 ningebaki nazo.

Kuosha ni kila wiki mbili, na mapema zaidi ikinyesha. Mwaga mbegu za zamani zote, usione huruma. Sugua kwa maji ya moto na sabuni mpaka uchafu utoke, kwa sababu jiki haifanyi kazi juu ya mavi yaliyoganda. Kisha kipimo kimoja cha jiki kwa tisa vya maji, loweka dakika kumi, suuza vizuri, na kikauke kabisa kabla ya kujaza. Hilo la kukauka ndilo linaloshinda watu wakati wa baridi. Mimi nakiacha gereji usiku kucha. Na fagia chini ya kilishio, maganda yale yanaoza na kuleta panya.

Walirudi siku ya tatu baada ya kutundika, wa zeituni kwanza. Wekundu walikuja wiki iliyofuata, macho safi kabisa. Mama aliwakagua mmoja mmoja kama nesi wa kliniki.

Aprili viza yake ilikuwa inakwisha. Siku za mwisho madume yalianza kubadilika, manjano inatoka kwa mabaka kifuani na mgongoni, kama fulana ya kijivu iliyorushiwa jiki. Chiriku hawa hubadili manyoya mara mbili kwa mwaka, na rangi yao ya kiangazi hukamilika Mei. Mama aliondoka tarehe 19 akiwa ameona mabaka tu.

Mei nilimpigia video asubuhi, kwake ikiwa jioni, nikaelekeza simu kwenye dirisha. Kwenye wavu alikuwa ametua dume la manjano kama embe dodo lililoiva, kofia nyeusi usoni, mabawa meusi yenye mistari. Nikamwambia, mama, huyu ndiye yule wa Januari, yule mkorofi uliyekuwa unamsema.

Akasogeza uso karibu na simu mpaka nikaona paji tu.

"Huyo?" akasema. "Usinidanganye, baba. Huyo mgeni. Yule wangu namjua."

Nikamwambia wanabadilisha nguo. Akanyamaza kidogo, akimtazama anavyomfukuza mwenzake kijitini.

"Hebu mwache aseme kwanza," akaniambia. "Nimsikie."